Koti Lisilokuwamo Kitabuni

Kila siku baada ya shule Rozina alipita nyumbani kuweka madaftari, akajitupia kitenge cha mama yake mabegani kwa ajili ya baridi, kisha akakimbilia uani kwa Mwalimu Marsiana. Huko wanawake walikuwa wameshaketi kuzunguka turubai, wanapukuchua mahindi. Ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Ufipa mwezi wa saba hauna adabu. Unaingia kwenye mkono wa blauzi na kutokea mgongoni bila hodi. Wanawake wa Kalembwe, kijiji kilicho kando ya barabara ya Matai, walikuwa na desturi ya kupukuchuliana mahindi kwa zamu. Leo yalikuwa mahindi ya huyu, kesho ya yule, lakini turubai lilitandikwa siku zote kwa Mwalimu, kwa sababu ua wake ulikuwa na ukuta wa kukinga upepo.

Mtu aliyekuja pale na mikono mitupu alisemwa mpaka akajuta. Rozina peke yake alisamehewa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma. Alikaa juu ya gunia la magunzi, akafungua kitabu mapajani, akasoma kwa sauti huku vidole vya wenzake vikipukuchua. Baadhi ya wanawake wale hawakuwahi kukaa darasani. Wengine walijua kusoma vizuri, lakini ni mama gani mwenye watoto sita na shamba la mahindi atakayepata mkono wa kushikia kitabu?

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Mwalimu Marsiana. Usidhani alikinunua dukani. Alikiandika.

Mwalimu alizaliwa hapohapo Kalembwe, akasomeshwa na masista, akafundisha Ilemba, akafundisha Matai, mwishowe akafundisha Kalembwe penyewe, na kila alikohamishiwa alibeba mkeka, sufuria na karatasi zake. Riwaya yake ya kwanza ilitolewa Dar es Salaam na shirika la umma la vitabu, ikasomwa shuleni. Aliandika pia makala magazetini. Aliandika juu ya wajawazito wanaobebwa kwa machela kupandisha mlima kutoka bondeni, na juu ya waandishi wa mjini ambao kila wakitaja Sumbawanga lazima wataje uchawi. "Njooni mlime nasi msimu mmoja," aliwaandikia, "kisha mtuambie mmeona uchawi gani zaidi ya jembe." Hawakuja, na yeye hakunyamaza.

Ikaja miaka ya tisini, miaka ya ruksa. Maduka ya Mazwi, mjini Sumbawanga, yakajaa redio, baiskeli na nguo za mitumba, na kila mwenye mtaji akafungua biashara yake. Vitabu havikupata bahati hiyo. Shirika lililotoa riwaya ya kwanza lilifilisika, na mswada wa riwaya mpya ukarudi kwa Mwalimu ukiwa na vumbi na alama ya kikombe cha chai. Mwingine angelia. Mwalimu Marsiana aliuza maksai wake, akapanda lori hadi Mbeya, akakichapisha kitabu kwa fedha zake mwenyewe. Kijiji kilimcheka, kikasema Mwalimu ameuza ng'ombe akanunua karatasi.

"Maksai walilima shamba langu tu," aliwajibu. "Kitabu kitalima na ya kwenu."

Kiliitwa *Ghala la Kandida*, na ndicho Rozina alichokuwa akiwasomea. Mwalimu mwenyewe hakukaa kusikiliza. Usomaji ukianza, alichukua jembe akaenda shambani, au alijifungia chumbani akaandika. Alisema mpishi hushibishwa na moshi wa chakula chake. Kwa hiyo hakujua kilichokuwa kikisomwa uani kwake.

Siku moja baridi ilizidi, na wanawake walikuwa wamechoka. Rozina alikuwa amefika mahali ambapo mume wa Kandida anauza mahindi yote ya ghalani wakati mkewe yuko hospitali kujifungua. Mwandishi hakumpa mtu huyo hata jina. Alimwita mume, basi. Mama mmoja akaanza kusinzia. Mama yake Rozina akamgeukia jirani wakaanza kuzungumza habari za sabuni. Rozina akaona wasikilizaji wanamponyoka, na wakati huohuo, nje ya ukuta, Tadei akapita.

Tadei alikuwa mwenye mashine ya kusaga, ya pekee pale kijijini. Hakuna mtoto wa Kalembwe asiyelijua koti lake. Lilikuwa koti refu la kijani, la mtumba, lenye vifungo vya shaba, na hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa pia na kikohozi cha kujitangaza. Kabla ya kuzungumza jambo lolote alisema, "Mimi sina maneno mengi," kisha akayasema yote.

Rozina akainamia kitabu. "Mume wa Kandida," akasoma, "alikuwa amevaa koti refu la kijani lenye vifungo vya shaba."

Vidole vyote vikasimama. Aliyesinzia akafumbua macho.

"Akakohoa," Rozina akaendelea, bila kuinua uso. "Akamwambia mnunuzi wa mahindi: Mimi sina maneno mengi."

Hapo ua ulivuma kwa kicheko. Mboje, mwanamke wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia upande ule na ng'ombe wao, alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. Alisema Mwalimu huyu ni kiboko, amemwandika mtu mzimamzima hadi vifungo. Rozina alisikia utamu ambao hakuwahi kuusikia hata siku aliyoshika namba ya kwanza darasani. Kesho yake akaongeza jingine, na kesho kutwa jingine. Mume wa Kandida akaanza kutembea kama Tadei, akavuta pua kama Tadei, akagombana na mbwa wa jirani kama Tadei. Wanawake waliwahi kufika siku hizo, na mahindi yalipukuchuka haraka ajabu. Hakuna aliyeuliza kitu, maana mtoto ana kitabu mkononi, atatunga nini?

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Rozina iliishia mashineni. Mama mmoja alimsimulia mwenzake kwenye foleni ya kusaga, na Tadei akasikia. Hakuomba kukiona kitabu. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni pa mashine yake, akakohoa, akasema hana maneno mengi. Kisha akatangaza kwamba mwanamke yeyote anayepukuchua kwa Mwalimu Marsiana asilete tena mahindi yake pale.

"Wameona raha kunisoma," alisema. "Sasa wakasage kwenye kitabu."

Mashine nyingine ilikuwa mbali, kwenye njia panda ya barabara kuu, na si kila mtu alikuwa na baiskeli. Vinu vilivyokuwa vimegeuzwa viti vya kuku vikaoshwa. Kutoka alfajiri kijiji kilisikika mchi tu, na watoto walikwenda shule wamechelewa au hawakwenda kabisa. Tadei hakuridhika na hayo. Alipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kijiji: anataka Mwalimu aombe radhi mbele ya watu, ang'oe ukurasa wenye koti, atoe mbuzi, na kitabu kile kisisomwe tena Kalembwe.

Mwenyekiti, Mzee Wilibrodi, alikuwa mtu wa kupenda amani na redio. Redio yake aliibeba kwapani popote alipokwenda, hata makaburini. Ugomvi wa mashine ulimnyima raha, kwani mke wake mwenyewe alikuwa mmoja wa wapukuchuaji, na ugali wa nyumbani ulikuwa umeanza kuchelewa. Akaitisha mkutano siku ya Jumamosi.

Nyumbani kwao, Rozina alitwanga na mama yake kwa kupokezana. Viganja vilimvimba, vikatoa maji. Mama alipumzika, akajifuta jasho, akasema anamheshimu Mwalimu kuliko watu wote wa Kalembwe, lakini koti lile lilikuwa la nini? Angemwacha yule mtu bila koti, wangeelewa tu. Rozina aliinua mchi akautwanga kwa nguvu ili asilazimike kujibu. Alitamani kusema. Lakini akisema, wanawake wote watajua kwamba waliyacheka maneno ya mtoto, na nani atamwamini tena akae juu ya gunia la magunzi? Na Tadei akijua, atamfungia mama yake mashine maisha. Aliogopa, na woga ukamfunga mdomo.

Ijumaa Mwalimu Marsiana alimwita. Rozina alimkuta chumbani, kwenye meza yake iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, karatasi zikiwa zimelaliwa na jiwe ili upepo usizipeperushe. Rozina alipiga magoti akamwamkia shikamoo. Mwalimu aliitikia marahaba, akamkabidhi *Ghala la Kandida*, akamwomba asome ule ukurasa. Rozina alisoma. Safari hii alisoma kilichoandikwa, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Koti liko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Halimo, Mwalimu."

"Nimelisikia kwa Mboje. Lilitoka wapi?"

"Kwangu," Rozina akasema, na machozi yakamtoka.

"Nimekasirika," Mwalimu akasema. "Nakwambia wazi, usije ukadhani ni jambo dogo. Ukurasa huo niliuandika, nikauacha msimu mzima, kama tunavyofukia nyasi kwenye matuta zioze kwanza ndipo tupande. Nilirudi nikafuta, nikauacha tena. Kila kitu ambacho hakimo, nilikiondoa mimi mwenyewe."

Rozina alijifuta uso. Alisema basi kesho Mwalimu awaonyeshe ukurasa, waone koti halimo, na mambo yaishe. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Sitawaonyesha. Nikisimama pale kuapa kwamba koti halimo, nitakuwa nimekubali kwamba lingekuwamo ningestahili kung'oa ukurasa. Kesho nikiandika juu ya mtu mwenye baiskeli, kila mwenye baiskeli ataniitia mkutano. Mimi nakwenda kuwaambia kwamba sing'oi. Habari ya koti ni yako. Ukitaka kuisema utaisema. Usipotaka, mimi sitakutaja."

Afadhali angemchapa. Rozina alitoka na kitabu mkononi, kwa maana Mwalimu alimwambia akibebe yeye, na njia nzima kilimlemea kuliko debe la maji.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini upande wa pili, miguu wameikunja ndani ya vitenge. Mwalimu Marsiana alikuja na kigoda chake mwenyewe. Hakwenda nacho upande wa wanawake wala wa wanaume. Alikiweka katikati, mbele ya meza ya mwenyekiti, akakaa. Manung'uniko yakapita, naye akayaacha yapite.

Tadei aliitwa kwanza. Alifunga vifungo vyote vya koti, akakohoa, akasema hana maneno mengi. Alieleza kwamba mashine ile aliileta kwa jasho lake, kwamba kabla yake akina mama walikuwa wanatwanga hadi mabega yanakufa ganzi, na kwamba shukrani aliyoipata ni kuandikwa kitabuni kama mwizi wa ghala la mkewe. Sasa hata watoto wakimwona barabarani wanakohoa. Sauti yake ilitetemeka aliposema hilo, na Rozina, aliyekaa karibu na mama yake, akajua kwamba mtu huyu ameumizwa kweli. Hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja.

Mzee Wilibrodi aliiweka redio yake chini, karibu na mguu, ikiendelea kuimba kwa sauti ndogo. "Mwalimu, dada yangu," akasema, "ni ukurasa mmoja tu. Kitabu kina kurasa nyingi. Ng'oa huo mmoja, watu wakasage, sisi tukale."

Mwalimu Marsiana akasimama.

"Mwenyekiti, nusu ya watu waliopo hapa niliwafundisha kusoma. Sikumfundisha hata mmoja kung'oa. Mashine ikifungwa, nitatwanga. Nilitwanga kabla haijaletwa, na mikono ninayo. Mbuzi sina, na ningekuwa naye nisingemtoa. Siombi radhi kwa neno nililoliandika nikiwa na akili zangu timamu. Mkisema kitabu kisisomwe uani, nitakwenda kukisoma barabarani. Mkinifukuza barabarani, nitakisomea shambani kwangu, na upepo wa hapa mnaujua, utawaletea."

Wazee waligeukiana. Mmoja alisema kusoma kumemharibu mwanamke huyu. Mwingine akasema maksai wale walikuwa na akili kumzidi. Mwalimu alirudi kwenye kigoda chake akakaa wima, mikono juu ya magoti, bila kutazama pembeni. Mwenyekiti alishusha pumzi, kisha akasema kwa kuwa hakuna suluhu, kijiji kiamue. Wanaotaka ukurasa ung'olewe na kitabu kipigwe marufuku, wanyooshe mikono.

Mikono ikaanza kuinuka upande wa mabenchi. Ilikuwa mingi. Halafu, taratibu, kwa aibu, ikainuka na upande wa wanawake. Rozina akageuka akaona kiganja kilichovimba, chenye malengelenge yaliyopasuka, kinapanda polepole kutoka kwenye paja la mama yake.

Akasimama. Watoto hawakuwa na ruhusa ya kusema mkutanoni, na alilijua hilo. Alisogea mbele, akachuchumaa, akapiga makofi ya taratibu ya heshima kama alivyofundishwa, akawaamkia wazee. Kisha akasema kabla woga haujamuwahi.

"Koti halimo kitabuni. Nililitia mimi. Na kikohozi nilikitia mimi. Mwalimu hakuandika hata kimoja."

Tadei akasema mtoto huyu amefundishwa kumkinga mwalimu wake, hilo liko wazi. Mzee Wilibrodi alimuuliza Rozina kama anaweza kuthibitisha. Rozina akainua kitabu. Alimtazama Mwalimu, lakini Mwalimu hakumpa hata ishara ya jicho. Basi akafungua mwenyewe, akasoma kwa sauti ileile iliyowafanya wanawake waje mapema uani.

"Kandida alirudi kutoka hospitali amembeba mtoto kifuani. Kitu cha kwanza alichokiona ni kuku. Kuku walikuwa ndani ya ghala, wanadonoa chini, na mlango ulikuwa wazi. Mumewe alikuwa ameketi kizingitini, anapangusa redio mpya kwa pindo la shati lake. Karibu, mama, alimwambia kwa furaha. Hebu sikiliza, inashika hadi Zambia. Kandida alimlaza mtoto, akachukua ufagio, akaingia ghalani. Alifagia kutoka ukuta hadi ukuta, na punje alizozipata hazikujaa kiganja. Mume aliposikia ufagio, akaongeza sauti ya redio."

Rozina akafunga kitabu. Mahali palikuwa kimya, ila redio moja ilikuwa ikiimba. Mzee Wilibrodi aliinama haraka akaizima.

Tadei alisimama, mdomo wazi. Alionekana kama mtu aliyekuja kupigana akakuta uwanja hauna mtu. "Huyo si mimi," akasema polepole. "Mimi hata redio sina."

"Ni nani basi?" akauliza Mboje.

Wanaume ambao kwa siku zote hizo walikuwa wakimcheka Tadei na koti lake sasa walitazama viatu vyao. Mmoja aligundua kwamba kamba ya kiatu imelegea, akaifunga kwa muda mrefu sana. Mzee Wilibrodi aliisukuma redio kwa kisigino, kidogo kidogo, mpaka ikaingia chini ya meza, na kila mtu akaiona inavyokwenda. Mkewe alikuwa amekaa mbele ya wanawake wote. Alimtazama tu. Mkono wa mama yake Rozina ukashuka, na mikono mingine ikaufuata.

Mwenyekiti alikohoa, mpaka watu wakashangaa kwamba safari hii si Tadei. Akasema ukurasa hautang'olewa na mbuzi hatatolewa. Akasema tena kwamba mashine ya Tadei imejengwa juu ya kiwanja kilichotolewa na kijiji, kwa hiyo itamsagia kila mwanakijiji, awe amesoma kitabu au hajasoma. Tadei hakubisha. Watu walianza kuinuka, wakidhani mambo yamekwisha.

"Bado," akasema Mwalimu Marsiana. "Rozina, huyu bwana amesemwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Alitukosea kufunga mashine, na hilo nitamdai mwenyewe. Lakini deni lako ni lako."

Rozina akamwendea Tadei, akapiga magoti vumbini, akasema anaomba radhi kwa kumvalisha koti lake mtu mwingine, na kwa watoto wanaokohoa barabarani. Alisema kwa dhati, kwa kuwa alikuwa ameisikia ile sauti ikitetemeka. Tadei alimtazama kwa muda. Akakohoa.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaishia hapo, akaenda zake.

Jumatatu mashine ilinguruma tangu asubuhi. Jioni turubai lilitandikwa kama kawaida, ila mambo mawili yalikuwa mageni. Rozina alikaa chini na wenzake kupukuchua, hakuthubutu kulisogelea gunia la magunzi. Na Mwalimu Marsiana, ambaye siku zote hukimbilia shambani, alikuja na kigoda chake akakaa kati yao. Kitabu kililala katikati ya mahindi bila mtu wa kukishika. Mwishowe Mboje akasema kimya hiki kinachosha vidole kuliko kazi yenyewe. Mama yake Rozina akauliza kwa upole kama mtoto huyu anaaminika tena.

"Hilo atalijibu kwa kusoma," Mwalimu akasema. Kisha akamgeukia Rozina. "Umenitia maneno mdomoni ambayo si yangu, mimi nikaitwa kuyajibu, na mama yako akayatwangia. Huo ni uongo, hata kama watu walicheka na mahindi yakapukuchuka. Na kuna jingine ambalo hukuliona. Yule mume nilimwacha bila jina na bila koti kwa makusudi. Ulipomvalisha koti la Tadei, wanaume wengine wote walipona. Walimcheka mwenzao, kisha wakarudi nyumbani kuhesabu magunia ya wake zao. Jumamosi uliposoma kweli, hakupona mtu."

Rozina aliinamisha kichwa juu ya hindi alilokuwa nalo. Alisema hataongeza neno tena, maisha.

"Sikukuambia hivyo," Mwalimu akamkatiza, na sauti yake ilikuwa na ukali uleule wa mkutanoni. "Una jicho, mtoto wewe. Vifungo vile, kikohozi kile. Nimeishi karibu na Tadei miaka yote hii na sikuwahi kumwona vizuri hivyo. Mambo ya namna hiyo yaandike. Ila yaandike kwenye karatasi zako, na juu yake uweke jina lako. Usimbebeshe mtu dhambi isiyo yake. Na ukishaandika kweli, mkutano ukiitishwa, usijifiche nyuma ya mgongo wa mtu. Nenda, simama, sema ni mimi."

"Nikiogopa je, Mwalimu?"

"Utaogopa. Juzi uliogopa, na ulisimama."

Wanawake walicheka, lakini kicheko hiki hakikuwa cha kumcheka mtu. Rozina akauliza kama siku hiyo ya mkutano wake Mwalimu atakuja.

"Nitakuja," akasema Mwalimu Marsiana, "na kigoda changu."

Mama yake Rozina akapangusa makapi kwenye jalada la kitabu kwa kiganja chake chenye makovu mapya, akamsogezea mwanawe. Rozina akapanda juu ya gunia la magunzi, akatafuta ukurasa walipoishia, akasoma kama ulivyoandikwa.